Shangazi, video yangu imesifiwa na wengi, waliochangia ni sita

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Mtanda, Lindi. Kazi yangu ni kuchora: naandika mabango ya maduka, napamba kuta za shule za chekechea, na msimu wa harusi nachora kadi. Kwa miaka miwili sasa nachora kitabu cha watoto kuhusu Tendaguru, pale walipofukuliwa wale mijusi wakubwa wa kale. Kitabu kina kurasa 32. Picha 11 za rangi ya maji nimeshazimaliza, zimebaki nne. Mchapaji mmoja wa Dar es Salaam ameniambia nakala 300 ni shilingi 2,400,000. Sina fedha hiyo, na mkopo nauogopa.

Rafiki yangu akanishauri nitengeneze video ya stopu mosheni, ile ya kupiga picha moja, unasogeza kidogo, unapiga nyingine, ili watu waone kazi na wachangie. Nikakata watu wa karatasi, nikawapanga mezani karibu na dirisha, simu nikaiegemeza kwenye vitabu. Nilifanya kazi siku 11. Nilipiga picha 1,250, na video ikatoka dakika 4 na sekunde 10. Watu wangu wanatembea wamebeba mifupa kichwani, lakini wanarukaruka kama panzi, na mwanga unapepesa kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Nikaweka wimbo niliopakua mtandaoni, na mwisho nikaandika "Tuchangie sanaa yetu" pamoja na namba yangu ya simu.

Niliituma kwenye makundi saba ya WhatsApp. Nilipata "hongera", "mashallah", "una kipaji", vidole gumba sijui vingapi. Waliochangia ni watu sita, jumla shilingi 47,000, na mmoja wao ni mama yangu. Mjomba alisema mbele ya ndugu wote kwamba mchango ni wa harusi na msiba, kitabu ni biashara yangu mwenyewe, na kwamba natembeza bakuli. Tangu siku hiyo sijagusa brashi.

Sasa nina maswali. Kaka wa rafiki yangu anaishi Ujerumani na amejitolea kufungua ukurasa wa Kickstarter, ule mtandao wa kuchangishia miradi, kwa jina lake, kwa sababu Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazoruhusiwa. Pia nimepata mtu wa kuniuzia simu yenye kamera kali kwa shilingi 650,000, nimlipe kidogo kidogo. Je, ninunue nirudie video? Nikubali hiyo Kickstarter? Au mjomba amesema kweli, niache?

Mchoraji wa Mtanda

N.B. Nilisahau kusema: kitabu hiki nilikianza kwa sababu ya babu yangu mzaa mama. Ana miaka 83, yuko Mchinga. Babu yake yeye alikuwa miongoni mwa watu waliobeba ile mifupa hadi bandarini Lindi.

Marahaba mwanangu,

Video uliyoniambatishia nimeitazama hadi mwisho, mara mbili. Kisha nikarudi kwenye barua, nikakuta chini kabisa, baada ya jina lako, mahali pa vitu vilivyosahaulika, umeandika habari za babu wa babu yako. Kwenye video yenyewe hayumo. Mtu wa Nachingwea au Masasi akiifungua anaona watu wa karatasi wamebeba vitu vyeupe. Hajui ni akina nani, hajui ni lini, na hajui wewe unahusikaje. Maswali yako yote nitayajibu, lakini jibu langu kubwa liko kwenye hiyo N.B.

Historia yenyewe unaijua kuliko mimi, ila niitaje kidogo kwa ajili ya wasomaji wengine. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani waliotumwa na makumbusho ya Berlin walifukua kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Vitabu vinawataja wataalamu wao, Werner Janensch na Edwin Hennig. Walioshika majembe na sururu ni mamia ya watu wa kusini huku, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Reli haikuwepo, barabara ya gari haikuwepo. Mifupa yenye umri wa miaka kama milioni 150 ilifungwa mizigo, ikabebwa na watu kwa miguu mwendo wa siku kadhaa hadi pwani, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa Berlin tangu 1937, kimo chake kinapita mita 13, kama mnazi uliokomaa. Na watu waliobeba mizigo hiyo walikuwa wametoka juzi tu kwenye vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Watoto wetu wengi wanakua hapa hapa Lindi bila kuyasikia haya. Ndiyo maana nataka kitabu chako kichapwe, na nakwambia waziwazi kwamba siandiki jibu hili kama mtu wa pembeni.

Tuanze na mjomba. Maneno yake yaliuma, na hakupaswa kuyasema mbele ya watu. Lakini yasikilize tena ukiwa umetulia, kuna kitu ndani yake. Sisi ni watu wa kuchangishana tangu zamani. Harusi ikitangazwa, inaundwa kamati, anachaguliwa mwenyekiti na mhazini, kadi za mchango zinagawiwa, ahadi zinaandikwa kwenye daftari, na kila jioni orodha inapandishwa kwenye kundi: fulani ametoa, fulani ameahidi. Mchangiaji anajua fedha inakwenda kufanya nini, inashikwa na nani, shughuli ni tarehe ngapi, na kwamba siku hiyo atakaa kwenye kiti na kula pilau. Wewe uliwaambia "tuchangie sanaa yetu". Shilingi ngapi? Mpaka lini? Nani anashika? Nami nitapata nini mkononi? Watu waliokuandikia hongera hawakuwa wanafiki. Hawakuona mlango wa kuingilia.

Kwa hiyo usiombe mchango wa sanaa. Uza kitabu kabla hakijachapwa, na uendeshe mauzo hayo kwa nidhamu ya kamati ya harusi. Hesabu nitakuletea chini. Kwanza turudi mezani kwako, maana video ndiyo itakayobeba mzigo huu wote.

Ulipiga picha 1,250 na kuzionyesha tano kwa sekunde. Kwa kasi hiyo jicho linaiona kila picha peke yake, ndiyo sababu watu wako wanaruka kama panzi. Sinema hupita picha 24 kwa sekunde, na mafundi wengi wa stopu mosheni hupiga 12, kila moja ikionyeshwa mara mbili. Dakika moja kwa picha 12 ni picha 720. Angalia sasa: umeshafanya kazi inayozidi hiyo kwa mbali. Nguvu unayo na subira unayo, ila umezitandaza kwenye dakika nne ambazo hakuna aliyezihitaji. Video yako mpya iwe na sekunde 60, ikizidi sana 75. Itakuwa nyepesi pia, maana video nzito watu wanaiogopa kwa ajili ya bando, hasa mwisho wa mwezi.

Mwanga. Hapa nina uchungu wangu mwenyewe. Nilipokuwa nafundisha watoto sanaa Mikindani, tulipiga hadithi ya sungura kwa siku tatu kwenye kibaraza chenye mwanga mzuri sana, na tulipoitazama, kila wingu lililopita juu ya ghuba lilikuwa limeandikwa kwenye picha. Watoto walilia. Tangu hapo sijapiga tena karibu na dirisha. Fanya kazi usiku, au ziba dirisha kwa blanketi zito. Weka taa mbili za LED za aina moja, moja kushoto na moja kulia, zimulike kwa mshazari ili kivuli kisiwe kikali. Kama umeme wa mtaani kwenu hupanda na kushuka, tumia taa ndogo za kuchomeka kwenye pawabenki, na uichaji ijae kabla ya kuanza. Vaa nguo nyeusi, kwa sababu gauni jeupe linarudisha mwanga mezani kila unapoinama.

Halafu izuie simu isijiamulie mambo. Bonyeza kioo na ushikilie pale juu ya mchoro mpaka ikuonyeshe kwamba imefunga fokasi na mwanga. Kama kamera ina sehemu ya kurekebisha kwa mkono, ifunge na rangi pia, isije ikakupa picha moja ya bluu na nyingine ya njano. Iweke kwenye hali ya ndegeni, simu ya shangazi wa pili isije ikaingia katikati ya fremu ya 400. Usiiguse kupiga: chomeka hedifoni za waya, simu nyingi hupiga picha ukibonyeza kitufe cha sauti kilicho kwenye waya. Ilaze juu ya ubao uliolala kati ya stuli mbili, kamera ikitazama chini, na juu ya ubao weka mifuko ya mchanga. Zungushia chaki miguu ya stuli sakafuni, ili mtoto akizigonga ujue pa kuzirudisha. Zipo programu za bure za stopu mosheni zinazokuonyesha kivuli cha picha iliyopita juu ya ile unayotaka kupiga. Pakua moja. Utaona kila ulichosogeza, na kwa kiasi gani.

Sasa umeona kwamba sijataja simu mpya popote. Usiinunue. Shilingi 650,000 ni gharama ya kuchapa nakala 81 za kitabu chako, na ile uliyonayo inatosha kabisa kwa video itakayotazamwa kwenye vioo vya simu.

Kitu kinachonigusa zaidi ni mwendo wa wale wapagazi. Uliwafanya waruke kichwa na mzigo kwa kila hatua, kama watu wanaotembea mikono mitupu. Shuka ufukweni asubuhi boti zinapoingia, ukawatazame akina mama wanaopanda na beseni la samaki kichwani. Tazama shingo. Kichwa hakipandi wala hakishuki, kinakwenda kama kimepangwa kwenye mstari. Kinachofanya kazi ni nyonga na magoti, na pindo la khanga linachelewa kidogo nyuma ya mguu. Mtu aliyebeba mfupa mzito njia ya Tendaguru alitembea hivyo hivyo, kwa hatua fupi zaidi. Ukiupata mwendo huo, mtu yeyote wa pwani ataujua mwilini mwake kabla hujamweleza chochote.

Namna ya kuupata ni hii. Mwili, kichwa na mzigo viwe kipande kimoja kisichobadilika. Miguu ichore peke yake, seti nane za hatua moja kwenye karatasi ya manila, uzibadilishe moja baada ya nyingine. Kwa picha 12 kwa sekunde, picha nane kwa hatua zinatoa mwendo mzito unaostahili mzigo ule. Kwa kuwa unakata vivuli vyeusi, mguu wa kulia na wa kushoto havitofautiani, hivyo seti hizo nane zitawatosha safari nzima. Na watu wenyewe usiwasogeze mbele. Waache katikati ya picha, usogeze ardhi: unganisha manila ndefu, chora vilima, mibuyu, mwisho minazi na bahari, uivute chini yao nusu sentimita kila picha ukifuata alama za rula pembeni. Mguu uliokanyaga chini urudi nyuma sawasawa na ardhi inavyorudi, vinginevyo ataonekana anateleza. Jaribu kwanza kwa picha 24 tu, sekunde mbili, uzirudierudie mpaka uridhike. Ndipo uanze kazi.

Usianze kupiga kabla hujapata sauti. Wimbo wa kupakua uondoe, una mwenyewe, na siku atakapouona unaweza kuipoteza video yako yote. Sauti ninayoitaka ni ya babu yako. Mrekodi akisimulia, chagua sekunde 30 hivi zilizo bora, na picha zikate kwa kufuata maneno yake: akinyamaza kuvuta pumzi, wapagazi nao wapumzike. Katika sekunde hizo za kusimama unahitaji picha chache sana, na macho ya mtazamaji yanapata nafasi. Baada ya babu, uingie mkono wako. Mkono wa kweli, wenye rangi kwenye kucha, unaomalizia mchoro wa ukurasa mmoja hatua kwa hatua. Kisha uso wako na sauti yako: jina lako, kitabu kina kurasa ngapi, picha ngapi zimekwisha, bei, tarehe ya mwisho, na lipa namba. Watu huchangia kazi wanayoiona imeshaanza, iliyoshikwa na mtu wanayemjua uso.

Fedha sasa. Kuchapa ni 2,400,000. Hujaweka nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam wala makato ya mitandao ya simu. Weka 150,000 kwa hayo. Weka na 200,000 ya rangi, karatasi na chakula chako wakati unamalizia picha nne zilizobaki, bila aibu, maana fundi wa jukwaa la harusi naye hulipwa. Jumla 2,750,000. Ukiuza nakala kwa 12,000, unahitaji watu 230, ambao watakupa 2,760,000. Zitabaki nakala 70 za kuuza baadaye na kugawa kwa shule kadhaa. Unaona lengo limegeuka? Badala ya kutafuta mamilioni unatafuta majina 230, na hayo yanahesabika kwenye daftari. Asiye na 12,000 atoe 3,000 apate kadi ya posta yenye mchoro wako. Usiahidi fulana, vikombe wala vitu vya kusafirisha kwa gharama, vitakula fedha ya kitabu.

Mhazini usiwe wewe. Tafuta mtu ambaye mji unamwamini, mwalimu mstaafu au mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, apokee na kupandisha orodha kila jioni. Mjomba mwombe awe mwenyekiti. Nasema kwa dhati. Nenda kwake na daftari lenye hesabu hizi, umwambie, "Mjomba, uliniambia natembeza bakuli, nimekuja na utaratibu." Akikataa, utakuwa umemheshimu. Na tangaza mapema kwamba majina yasipofika 230 kufikia tarehe ya mwisho, kila mtu anarudishiwa fedha yake, au anakubali kwa maandishi kusubiri.

Tarehe uichague kwa akili. Ulituma video yako mwezi gani sijui, ila mikoa yetu hii fedha inatembea minada ya korosho inapoanza, kuanzia Oktoba kuelekea Desemba. Fungua mauzo mwanzoni mwa Novemba, ufunge katikati ya Desemba. Januari usimguse mtu, ni ada na sare za shule. Miezi iliyobaki kabla ya Novemba ndiyo ya kumalizia picha, kupiga video, kuomba ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba, na kusajili michoro yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Kickstarter sikukatazi moja kwa moja. Ni kweli Tanzania haimo. Lakini ukurasa ukiwa kwa jina la kaka huyo, mradi ni wake mbele ya sheria: fedha inaingia benki yake, kodi inamhusu yeye, na wachangiaji watamdai yeye vitabu. Wenyewe hukata asilimia 5, na juu yake kuna makato ya malipo. Lengo lisipofikiwa lote, hakuna anayelipa hata senti, mnarudi mikono mitupu. Kisha kutuma kitabu kimoja kimoja Ulaya kwa posta kunaweza kuzidi bei ya kitabu. Kwa toleo la kwanza mwambie ahsante, na umpe kazi nyingine: atafsiri maneno ya babu kwa Kijerumani, yawekwe chini ya video. Watu wa Berlin wamemtazama yule mjusi kwa karibu miaka tisini bila kumsikia mjukuu wa aliyembeba. Toleo la pili, ukiwa na kitabu mkononi, mtakaa na kuandikiana mkataba wa kurasa mbili kuhusu nani anashika nini, ndipo mfungue huo ukurasa.

Brashi utaishika tena, lakini si wiki hii. Wiki hii panda gari la Mchinga na simu hiyo hiyo uliyonayo. Babu ana miaka 83. Kaa naye ndani, mbali na upepo wa bahari na redio ya jirani, simu iwe shubiri mbili kutoka mdomoni mwake, na umwache aongee bila kumkatiza. Muulize babu yake alisema nini kuhusu uzito, walilala wapi njiani, walikula nini, walilipwa nini. Muulize kama aliwahi kuambiwa ile mifupa ilikuwa ya nini. Kabla hujaondoka mwombe ruhusa ya kuitumia sauti yake, mbele ya mtu mwingine wa nyumbani. Nakala mbili za kwanza niandikie mimi kwenye daftari, 24,000 nitampa huyo mhazini siku utakaponitumia namba yake.

Shangazi